Sakafu Moja

Karakana ilikuwa ya kukatia marumaru.
Ufagie, upige deki, vumbi jeupe la Wadi Kabir halina adabu:
linarudi kwenye nyayo, kwenye kope, kwenye chai.
Kazi yangu taa. Ninazo nane, mbili za kuazima,
na moja hukonyeza inapotaka yenyewe.

Watunzi watatu wa dansi, usiku mmoja.
Kila mmoja kabandika alama zake chini kwa mkanda wa gundi:
mwekundu wa Thuwaiba, mweupe wa Muhenna, wa kijani wa Srija.
Kufika Jumatano sakafu ilishakuwa ramani ya nchi
zilizogombana zamani zikasahau sababu.

Waligombana, ndiyo. Nani afunge usiku.
Ikapigwa kura ya njiti za kiberiti, nikazishika mimi,
kwa kuwa mtu wa taa, walisema, hana upande.

Thuwaiba akaanza. Alitaka kimya,
kimya hasa, basi nikazima viyoyozi.
Mwezi wa sita, saa tatu usiku, joto halijalala.
Wageni wakajipepea kwa karatasi za ratiba;
akasimama tu, akangoja, mpaka karatasi zikaona haya.
Ndipo tukasikia goti likialika,
unyayo ukibanduka sakafuni kama plasta,
wanawake wanne wakigawana pumzi ya chumba kimoja.
Aliniambia baadaye ni mama yake, anapanga vyombo.
Mimi niliona mtu anayepapasa swichi gizani
katika nyumba aliyokwisha kuiuza.

Akafuata Muhenna wa Sur, mtoto wa duara la lewa.
Babu yake aliimba maneno asiyoyajua maana.
Mimi nayajua. Ni Kiswahili kilicholika
kama sarafu: sura ya mfalme hakuna, uzito upo.
Siku moja mazoezini nikamfasiria mstari.
Akaniomba nisirudie.
"Miguu yangu," alisema, "inajua zaidi nisipoijulisha."

Vijana sita, duara, ngoma haipo,
inapigwa mabegani tu, ndani kwa ndani.
Mzunguko wa pili Dhahi akakanyaga jasho
waliloliacha wanawake wa Thuwaiba.
Akaenda chini. Puu! Chali.

Katika daftari langu hakuna taa ya kuanguka.
Mkono ukapunguza mwanga bila kuniuliza.
Muhenna, pembeni, akauma ncha ya kilemba chake.
Dhahi akalala pale pale. Akaacha duara limpite juu,
mguu, mguu, mguu, hata pengo lake lilipofika
akainuka ndani yake, kama mgeni aliyechelewa
akakuta kawekewa sahani.
Watu wakapiga makofi. Walidhani limetungwa.

Srija ndiye aliyefunga, na wachezaji wawili wa kwao Kerala,
na Thapa, ambaye si mchezaji:
mchana huelekeza winchi kwenye jengo la Ghala.
Ishara zake ni zile zile za kazini. Pandisha. Shusha.
Kidole kikizunguka hewani: taratibu, taratibu.
Ngumi: simama, kuna mtu chini.

Dakika ya saba, penye jasho lile lile,
Srija akajiangusha.
Hilo hatukulifanyia mazoezi. Naapa.
Wawili wale wakatazamana, wakaanguka nao.
Akabaki Thapa, mkono juu, hajui hii ni saa ya nini;
kisha kiganja chake kikageuka, kikaanza kushuka,
akajishusha mwenyewe kama mzigo wa vioo,
goti, nyonga, bega, shavu.
Nyuma ya pazia Thuwaiba aliziba mdomo kwa mkono.
Alicheka au alilia, taa zangu hazifiki huko.

Saa sita na robo nabandua mikanda.
Wa kijani unang'oka na mweupe, mweupe na mwekundu,
vidole vyangu vinanata. Nafanya donge, natia mfukoni.
Mwenye karakana kaja na funguo, anapiga miayo:
anataka sakafu yake saa moja asubuhi,
kuna mtu wa Barka anangojea jiwe la jikoni.